Marashi si Pafyumu: Ua la Mchungwa katika Historia ya Kiswahili



Katika miaka ya karibuni wamezuka duniani mafundi wadogo wa manukato, wanaofanya kazi zao nje ya makampuni makubwa. Hutengeneza chupa chache, huziuza kwa bei ya juu, na mojawapo ya harufu wanazozienzi ni ile nyepesi: ganda la ndimu au la chungwa hutangulia, kisha hufuata ua, aghalabu ua la mchungwa au asmini. Harufu hiyo hutangazwa kuwa ni jambo jipya, ni ubichi wa asubuhi uliotiwa chupani kwa mara ya kwanza.

Makala haya yana dai moja tu. Harufu ya ndimu na ua si ngeni kwetu. Ilikuwemo katika majumba ya pwani kabla neno pafyumu halijafika kinywani mwetu, na ushahidi wake umehifadhiwa katika maandishi machache ya historia na, zaidi ya hayo, katika msamiati wa Kiswahili. Ndiyo maana kupotea kwa maneno ya harufu si hasara ya wauza maduka peke yao. Ni hasara ya kumbukumbu.

Tuanze na maneno yenyewe. Manukato ndilo neno lililo jirani zaidi na asili ya Kibantu. Mzizi wake ni ule wa kunuka, nao umeenea katika lugha nyingi jamaa. Kibemba, lugha ya majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wa Zambia, kina kununka. Katika Kiswahili cha leo kunuka ni kutoa harufu mbaya. Lakini ongezeni kiambishi cha kutendea, mpate kunukia, na maana yote hugeuka: kinachonuka hutukimbiza, kinachonukia hutuvuta. Silabi moja imetenganisha uvundo na uzuri. Kutoka mzizi huohuo tunapata kunusa na kunukiza, na hapo familia inakamilika: kuna kitu kinachotoa harufu, mtu anayeipokea, na mtu anayeitia mahali kwa makusudi. Lugha yenye vitenzi hivi haikungoja kufundishwa harufu na wageni.

Marashi ni neno la Kiarabu kwa asili, lakini linabeba siri ambayo wengi wetu tumeisahau. Kitenzi chake ni rashsha, yaani kunyunyiza. Kiswahili kimelipokea kwa ukarimu: tuna kurashia, tuna mrashi, kile chombo chenye shingo ndefu na tundu dogo kinachotumika kuwanyunyizia wageni maji ya mawaridi harusini na maulidini, na tuna rasharasha, mvua nyepesi ya manyunyu. Kwa hiyo marashi kwa asili yake si kila kinachonukia. Marashi ni maji ya kunyunyiza. Mtu anayerashiwa marashi na shamba linaloshukiwa na rasharasha vimeunganishwa na mzizi mmoja, na sisi wa uwanda wa Ufipa, tunaosubiri mvua za kwanza za Novemba zituinulie harufu ya udongo mkavu, hatuhitaji kuelezwa kwa nini watu waliona mambo hayo mawili ni ndugu.

Uturi nalo ni neno la Kiarabu, itri, lililosafiri hadi Bara Hindi na kuwa attar. Hilo ni neno la mafuta. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Iraki aliyeishi karne ya 9, aliandika kitabu chenye maelekezo zaidi ya 100 ya kutengeneza manukato, na neno itri limo katika jina la kitabu hicho. Jambo jingine lililomo katika jina hilo ni kukeneka, yaani kuchemsha kitu, kuunasa mvuke wake na kuupoza mpaka urudi kuwa kiowevu. Wanaokeneka gongo vijijini wanaijua kanuni hii bila kumsoma Al-Kindi. Katika mji wa Kannauj, kaskazini mwa India, mafundi bado wanakeneka maua kwa mitungi ya shaba juu ya moto wa kuni, na mvuke hupokelewa ndani ya mafuta ya msandali. Miongoni mwa kazi zao mashuhuri ni uturi wa udongo, unaokenekwa kutoka katika vigae vya udongo uliookwa ili kunasa harufu ya mvua ya kwanza. Ile harufu inayotufikia bure kila Novemba, wao wameitia chupani.

Hayo ni maji na mafuta. Njia ya tatu ni moshi. Kiswahili kina ubani, udi na buhuri. Kina chetezo cha kutilia makaa. Kina kitenzi kufukiza na nomino fukizo. Njia ya nne ni ua lenyewe, likiwa bichi, bila maji wala moto: kikuba cha asmini, rehani, langilangi na vipande vya mkadi, anachokibandika mwanamke kifuani au nyweleni; koja linalotungwa kwa uzi; maua yanayotandazwa kitandani.

Sasa tulipime neno pafyumu kwa mizani hiyo. Tumelipata kwa Waingereza, nao wakalipata kwa Wafaransa, na shina lake ni Kilatini: per fumum, yaani kwa njia ya moshi. Asili ya pafyumu ni fukizo! Mtu anayejipulizia maji mepesi ya ndimu na maua, kisha akasema amejitia pafyumu, ameyaita maji kwa jina la moshi. Wazungu wenyewe walipohitaji kuitaja harufu nyepesi ya aina hiyo walilikimbilia neno maji, kama tutakavyoona. Sisi tulikuwa tayari na neno la maji, lililo sahihi kuliko hilo la mkopo mpya, nalo ni marashi.

Maandishi ya historia yanatuambia nini? Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, alipita katika pwani ya Afrika Mashariki akielekea Kilwa. Kabla ya kufika Kilwa alishukia Mogadishu, na huko, anasimulia, alikaribishwa kwa tambuu na popoo, kisha akamiminiwa maji ya mawaridi yaliyotoka Dameski. Tazameni umbali wake: waridi lilichumwa Shamu, likakenekwa huko, likasafirishwa jangwani na baharini mpaka pwani ya Wasomali, ili mgeni apokewe kwa heshima. Karibu miaka 700 iliyopita, basi, adabu ya kumrashia mgeni ilikuwa imekwisha kukaa katika pwani hii. Mrashi tunaouona leo katika harusi za Lamu, Mombasa na Unguja ni mjukuu wa adabu hiyo.

Mwaka 1858, au karibu na hapo, Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia bintiye utendi wa mawaidha ambao wengi wetu tumeusoma na kuufundisha. Katika wosia huo uturi na udi havitajwi kama anasa ya pembeni. Vimewekwa pamoja na usafi wa mwili, unadhifu wa nyumba na maelewano ya wanandoa. Mshairi anajua kwamba harufu ni sehemu ya maadili ya nyumba, na anajua pia kwamba binti yake atayaelewa majina ya vitu hivyo bila kufafanuliwa.

Shahidi aliye karibu zaidi na hoja yetu ni Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na akajulikana kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo anaeleza jinsi nguo za mabibi wa jumba la Sultani zilivyoandaliwa: usiku zilitandazwa maua mabichi ya asmini na ya mchungwa, na asubuhi, kabla ya kuvaliwa, zilifukizwa kwa ambari na miski.

Tulisome jambo hilo polepole, kama tunavyosoma ubeti. Fundi wa leo atawaambia kwamba harufu nzuri hujengwa kwa tabaka tatu. Juu kuna vitu vyepesi, kama mafuta ya ganda la ndimu, ambavyo huruka katika muda mfupi. Katikati kuna maua, yanayokaa kwa saa kadhaa. Chini kuna vitu vizito, kama msandali, ambari na miski, ambavyo hubaki katika nguo hata siku ya pili na huyashika maua yasiruke upesi. Asmini na ua la mchungwa juu ya ambari na miski: tabaka za kati na za chini zilikuwa zimekwisha kupangwa Mtoni, kitambaani, bila chupa. Na ua la mchungwa lina sifa ya pekee, kwani ndani yake mna ua na mna ule ukali wa ndimu kwa pamoja. Wajakazi waliokuwa wakitandaza maua hayo hawakuandikwa majina yao popote, lakini kazi yao ni ileile ambayo leo inauzwa kama ugunduzi.

Salme alihamia Ujerumani, na Ujerumani ndiko ilikozaliwa miaka mingi kabla yake ile harufu ya Ulaya inayofanana zaidi na hiyo ya Mtoni. Mwaka 1709, katika mji wa Köln, ambao Wafaransa huuita Cologne, lilianzishwa duka la familia ya Farina, wahamiaji kutoka Italia ya kaskazini. Mmoja wao, Giovanni Maria Farina, alikuwa fundi wa harufu. Mwaka 1708 alikwisha kumwandikia ndugu yake kwamba ametunga harufu inayomkumbusha asubuhi ya masika nchini Italia, maua ya mlimani na ua la mchungwa baada ya mvua. Aliyeyusha katika spiriti mafuta ya ndimu, machungwa, bergamoti na maua, na kwa kuuheshimu mji uliompokea akaviita vitu hivyo Eau de Cologne, maana yake Maji ya Köln. Hapo ndipo lile neno maji linapojitokeza. Maua baada ya mvua, yaliyogeuzwa kuwa maji ya kujinyunyizia: kama Farina angezaliwa Pate, asingelitafuta neno mbali.

Farina alikuwa fundi mdogo, na kisa chake kina funzo kwa yeyote anayejali majina. Siku zile hakukuwa na sheria ya kulinda alama za biashara. Maji yake yalipopendwa katika ikulu za Ulaya, waigaji walijaa mjini Köln, kila mmoja akiuza maji yake kwa jina lilelile, na wengine wakitafuta hata mtu mwenye jina la Farina ili walitumie jina lake. Hatimaye jina la kazi ya fundi mmoja likawa jina la aina nzima ya bidhaa, na leo kolonya yoyote iliyotengenezwa popote huitwa hivyo. Duka la familia lingaliko Köln, lakini neno liliponyoka zamani.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Farina alibaki na duka, akapoteza jina. Sisi tulibaki na maua, na majina yakafutwa njiani. Mfano ulio wazi ni langilangi. Mti huu asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia, na jina lake limetoka Ufilipino, ilang-ilang, ambalo Waswahili wamelilainisha kwa namna inayopendeza sikio. Wakati wa ukoloni wa Kifaransa ulipandwa kwa wingi visiwani Komoro, hasa Nzwani, na visiwa hivyo vikawa wazalishaji wakuu wa mafuta yake duniani. Wachumaji, wengi wao wanawake, huenda shambani alfajiri, kwa sababu ua huwa na harufu kamili kabla jua halijapanda. Inahitajika takriban kilo 50 za maua kwa kilo 1 ya mafuta. Mafuta yanayotoka mwanzo wa ukenekaji ndiyo bora na huwekwa daraja la juu. Yanayofuata hushuka daraja. Kisha hupelekwa Ufaransa. Chanel N° 5, iliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921 na kuwa manukato mashuhuri kuliko yote ya karne ya 20, ina langilangi ndani yake pamoja na asmini. Maua ambayo bibi wa Nzwani au wa Unguja huyachomeka nyweleni yamo humo, lakini mvaaji wa New York hana habari nayo.

Kufutwa huko kwa majina kunaonekana hata hapa tulipo. Ingieni duka lolote la vipodozi hapa Matai, mchukue kichupa cha bei nafuu, mkigeuze nyuma. Katika orodha ya viambato mtakuta neno moja, parfum, lililobeba kila ua na kila ganda kwa pamoja. Baada yake huenda mkakuta majina ya kikemia, kama limonini, inayojaa katika ganda la chungwa, na linaloli, inayopatikana katika maua na majani mengi, rehani ikiwemo. Jina limonini limeumbwa kutokana na limau. Basi chungwa limo kichupani, ama lenyewe ama kwa mfano wake uliotengenezwa maabara, ila limevaa kanzu ya kikemia. Nje ya duka, hatua chache tu, muuza machungwa anamenya kwa kisu, na kila ganda linapokunjika hutoa rasha ya mafuta hewani. Ganda hutupwa chini. Mnunuzi hula chungwa, kisha huingia dukani kununua harufu yake.

Sisemi kwamba kila harufu nzuri ya dunia imetoka pwani ya Waswahili. Huo ungekuwa upuuzi. Waridi lilitoka Shamu, udi Asia, elimu ya kukeneka Iraki na Uajemi, langilangi Ufilipino. Hata maneno yetu mengi ya harufu ni ya kukopa, kama nilivyoonyesha. Lakini kukopa kwa namna hiyo ni kazi ya ubunifu. Waswahili walipokea rashsha wakazaa rasharasha. Walipokea ilang-ilang wakapanda mlangilangi. Walipokea moshi, maji, mafuta na ua, wakazipa njia hizo nne majina tofauti na zana tofauti, kisha wakazichanganya katika harusi moja. Pafyumu ni mkopo wa namna nyingine. Lenyewe halijazaa kitu, nalo linaua yaliyokuwepo, kwa kuwa linafunika kikuba, uturi, fukizo na marashi kwa blanketi moja.

Ipo hoja kinyume, nayo inastahili kujibiwa. Mtu atasema kwamba lugha hukua, na kwamba neno marashi lenyewe limekwisha kupanuka. Hatusemi Zanzibar ni visiwa vya marashi ya karafuu? Nani amewahi kunyunyizwa karafuu? Ni kweli. Katika msemo ule marashi yamekuwa harufu nzuri ya aina yoyote, na msemo wenyewe ni mzuri. Tena una ukweli uliojificha, kwa maana karafuu ni tumba la ua linalochumwa kabla halijachanua, hivyo visiwa hivyo vimepewa sifa ya ua lisilofunguka. Sina ugomvi na upanuzi wa namna hiyo, kwa sababu msemaji wake bado anayo maneno mengine pembeni. Hatari huanza pale ambapo neno pana ndilo pekee lililobaki. Kijana anayelijua pafyumu tu, akisoma utenzi wa zamani, atayaona maneno uturi, udi na buhuri kama majina matatu ya kitu kimoja, yaliyowekwa kwa ajili ya vina. Nimefundisha ushairi kwa vijana wa nyanda za juu, mbali na bahari, na najua jinsi kikuba na mrashi vinavyowafikia kwanza kama maelezo ya chini ya ukurasa. Wakishaonyeshwa kwamba moja ni ua bichi na jingine ni chombo cha maji, ubeti huanza kunukia.

Kazi hii ni ya malenga kabla haijawa ya wafanyabiashara. Wapo leo, Unguja na kwingineko pwani, wanawake na vijana wanaotengeneza sabuni, mafuta na marashi kwa mchaichai, karafuu, langilangi na maganda ya machungwa, na kuviuza kwa watalii na kwa wenyeji. Hao ndio mafundi wadogo wetu, wala hawahitaji kuiga majina ya Paris juu ya chupa zao. Jina zuri la bidhaa hutoka katika lugha iliyo hai, na lugha ya harufu haiwezi kuwa hai dukani ikiwa imekufa katika shairi. Mshairi akiandika marashi, na tusikie maji. Akiandika uturi, tuone mafuta kwenye kifundo cha mkono. Akiandika fukizo, moshi upande katika nguo zilizotundikwa. Akitaka kutaja ile harufu ya ganda la ndimu na ua la mchungwa, ambayo dunia inaiita mpya, asiseme pafyumu.

Nawaomba wasomaji wa pwani na wa bara mlete maneno ya harufu ya kwenu: majina ya maua ya kuvaa, ya majani ya kusugulia nguo, ya mafusho ya mzazi, ya mafuta ya nywele. Andikeni neno, mahali linaposemwa, na kitu chenyewe hufanywaje. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee, nasi tunaweza kuanza kwa kukusanya majina ya vitu tunavyovinusa kila siku.